Mgomo Wakati wa Vita: Maswali ya Langoni Kilindini

Maswali haya huzidi kila vita vinapopandisha bei ya mafuta na unga, na kila meneja anapoanza kutaja "maslahi ya taifa" kwenye kikao cha mishahara. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa gati, makarani wa shehena, waendesha kreni, mabaharia, madereva wa malori na vibarua wa kutwa wa bandari ya Kilindini, Mombasa. Sheria inayotajwa ni ya Kenya, isipokuwa pale nchi nyingine imetajwa kwa jina.

Nchi ikiingia vitani, haki ya kugoma inakwisha?

Haikwishi kwa kuwa redio imesema kuna vita. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na Kifungu cha 37 kinampa haki ya kukusanyika, kuandamana na kusimama langoni kwa amani bila silaha. Kuzibana haki hizo kwa sababu ya vita kuna utaratibu wake. Rais hutangaza hali ya hatari chini ya Kifungu cha 58. Tangazo halidumu zaidi ya siku 14 ila Bunge la Taifa liliongeze. Nyongeza ya kwanza yataka theluthi mbili ya wabunge wote, zinazofuata zataka robo tatu, na kila nyongeza haizidi miezi 2. Hata sheria itakayotungwa hapo inaruhusiwa kubana haki kwa kiasi tu ambacho hali yenyewe imelazimisha.

Basi mkubwa wa kazi akisema "nchi iko vitani, mgomo ni marufuku", muulizeni kwa upole: tangazo limechapishwa Gazeti Rasmi la tarehe gani? Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011 bila hali ya hatari kutangazwa, na Septemba 2012, askari wakiwa bado huko, walimu wa shule za umma waligoma wiki 3 nchi nzima.

Askari je?

Wao wako mbali na sisi. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kubana haki za kikazi za wanajeshi na polisi hata wakati wa amani. Raia anayefanya kazi bandarini hawi askari kwa kupakua shehena ya jeshi.

Serikali inaweza kutulazimisha kufanya kazi?

Kifungu cha 30 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Lakini soma Kifungu cha 25, chenye orodha ya haki zisizoguswa kwa vyovyote: utumwa umo, kazi ya kulazimishwa haimo. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, nao haukuhesabu kazi inayodaiwa wakati wa vita au maafa makubwa kuwa ya kulazimishwa. Mlango huo upo, hakuna haja ya kudanganyana. Lakini mkataba namba 105 wa 1957 unakataza kumtia mtu kazi ya lazima kama adhabu ya kugoma, na Kenya iliridhia yote miwili 1964. Kuitwa kuokoa watu ghala linapowaka ni jambo moja. Kupelekwa kazini kwa mtutu kwa sababu uligoma wiki jana ni jambo jingine.

Ni kazi zipi haziruhusiwi kugoma hata pakiwa na amani?

Ni zile za Jedwali la Nne la Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007: maji, hospitali, uongozaji wa ndege na mawasiliano yake, zimamoto, posta na serikali za mitaa, na huduma za feri. Feri hiyo ndiyo inayotugusa. Mhudumu wa feri ya Likoni na mwendesha kreni wanaweza kuwa wapangaji wa nyumba moja kule Mtongwe, lakini mwendesha kreni akigoma kwa kufuata utaratibu ana kinga, yaani hafukuzwi kwa kugoma, na mwenziwe wa feri hana. Mzozo wa yule wa feri huenda mahakamani moja kwa moja.

Upakuaji wa meli haumo kwenye orodha hiyo kwa jina. Shirika la Kazi Duniani nalo limeshikilia kwa miaka mingi kwamba kupakia na kupakua meli si huduma muhimu kwa maana kali ya neno hilo, yaani ile ambayo ikisimama inahatarisha maisha, usalama au afya ya watu. Linakubali tu pawe na kiwango cha chini cha huduma. Angalieni hata hivyo: kifungu cha 81 kinamwezesha Waziri kutangaza huduma nyingine kuwa muhimu ikiwa kusimama kwake kutahatarisha uhai au afya. Wakati wa vita hapo ndipo pa kuchungwa.

Mgomo wenye kinga unaandaliwaje, na huharibikia wapi?

Mzozo uwe wa masharti ya kazi, mshahara, au kutambuliwa kwa chama. Chama hupeleka taarifa ya mzozo kwa Waziri. Msuluhishi huteuliwa ndani ya siku 21, naye ana siku 30 za kupatanisha, au zaidi pande zote zikikubali. Akishindwa hutoa cheti cha kutosuluhishika, na siku 30 zikipita bila suluhu mzozo huhesabiwa haukusuluhishwa hata bila cheti. Kisha ilani ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri, ikitiwa sahihi na mwakilishi wa chama aliyeidhinishwa. Jumlisha: siku 58 bila kuchelewa popote. Bei za vita hazingoji siku 58, ndiyo maana watu hushikwa na pupa na kugoma kabla ya wakati.

Migomo mingi huangukia kwenye karatasi. Ilani imepelekwa kwa mwajiri, Waziri akasahauliwa. Siku 7 zimehesabiwa tangu barua ilipoandikwa badala ya siku ilipopokewa. Pigisheni mhuri wa kupokelewa, na mhesabu kuanzia kesho yake. Ilani imetiwa sahihi na mwenyekiti wa tawi ambaye katiba ya chama haimtambui kwa kazi hiyo. Au dai lenyewe limekwisha kuamuliwa kwenye mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri ambao muda wake bado haujaisha, na kifungu cha 78 kinakataza kugomea jambo hilo.

Kosa la vita ni la maneno. Ilani inaanza na "kupinga sera za serikali kuhusu vita" kabla haijafika kwenye posho. Wakili wa mwajiri haombi zaidi ya sentensi hiyo: atasema mgomo ni wa kisiasa, si wa mzozo wa kazi. Kama mnadai nyongeza kwa sababu bima ya vita na mafuta vimepandisha bei ya unga, andikeni unga, andikeni bei ya Januari na bei ya leo, mwache siasa ya vita kwa siku ya mhadhara.

Mahakama imetoa amri ya kusimamisha mgomo usiku wa Ijumaa. Tufanyeje?

Amri ikishafika mikononi mwa viongozi, watu warudi kazini kisha mkaipinge mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kuikaidi ni kuidharau mahakama hata kama amri yenyewe ni mbovu. Februari 2017 viongozi wa chama cha madaktari walifungwa kwa kosa hilohilo, ingawa waliachiliwa siku chache baadaye. Andikeni saa ambayo amri ilipokewa na nani aliipokea, kwa kuwa kesi za kudharau mahakama mara nyingi hugombania dakika. Atakayewatangazia wanachama awe mtu mmoja, kwa maandishi. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp unaosema "amri haituhusu" utachezwa mahakamani.

Wagomaji langoni wanaruhusiwa kufanya nini?

Kusimama, kuimba, kushika mabango, kumweleza anayeingia kwa nini kazi imesimama na kumwomba arudi. Kumzuia kwa mwili, kutoboa gurudumu, kumpiga picha na kumtisha kwamba nyumba yake inajulikana ni makosa ya jinai, na mtu mmoja akifanya hivyo polisi hupata sababu ya kutawanya wote.

Mkusanyiko wa hadharani wapaswa kutolewa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla yake. Taarifa siyo ombi la ruhusa. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri urudi nayo. Langoni, acheni njia ya upana wa lori moja iwe wazi wakati wote. Watu 10 hadi 15 kwa kila lango wanatosha, kwa zamu za saa 4, maana jua la Kilindini saa saba mchana huchosha kichwa na kichwa kilichochoka hutukana. Kila zamu iwe na msimamizi mwenye kitambaa mkononi, daftari la matukio na maji ya kunywa. Wakati wa vita ongezeni jambo moja: hakuna kupiga picha meli za kivita, shehena ya jeshi wala kamera za ulinzi. Picha moja ya namna hiyo mtandaoni itageuza mzozo wa mshahara kuwa kesi ya usalama wa taifa.

Kafyu ikitangazwa, zamu za usiku za langoni zifutwe. Hapo hakuna ubishi wenye faida.

Mimi si mwanachama. Nikipita lango, nimevunja sheria?

La. Hakuna sheria inayokulazimisha kugoma. Mgomo ukiwa haukufuata utaratibu, kifungu cha 80 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinakulinda zaidi: chama hakiruhusiwi kukufukuza au kukunyima haki za uanachama kwa sababu ulikataa kushiriki.

Lakini anayeuliza swali hili mara nyingi anajua jibu la sheria. Anachotafuta ni kama atamtazama jirani usoni. Kwetu sisi neno "vita" peke yake halijibu swali hilo upande wowote. Angalia kilichoko ndani ya lango: je, kazi utakayofanya leo isipofanywa kuna mtu atakufa au kuumia, au ni tajiri atakayelipia gati siku mbili zaidi? Angalia pia amri uliyo nayo: ni agizo la kisheria la maandishi, au ni simu ya msimamizi? Na uliza kama wagomaji wenyewe wameweka njia ya kazi za dharura. Kama wameiweka, pita kwa njia hiyo na hakuna atakayekuita msaliti. Kama hawakuiweka, hilo ni kosa lao, na waambiwe. Anayepita kupakua magari ya biashara kwa kisingizio cha uzalendo amefanya hesabu ya mfuko wake, ana haki hiyo, lakini asiipake rangi ya bendera. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru wa bandarini huwa hawagomi.

Kazi za dharura zipitishwe vipi bila kuua mgomo?

Hapa ndipo kamati nyingi huzembea, na wakati wa vita ndipo pa kutilia bidii zaidi. Orodha iandikwe siku 7 za ilani zikiendelea, isingoje mgomo uanze. Kamati ya mgomo ikae na mwajiri, na wote watie sahihi. Mwajiri akikataa kukaa, kamati iandike orodha yake peke yake na kumpelekea. Barua hiyo itawafaa mahakamani.

Orodha inayofaa Kilindini huwa na mambo kama haya: makontena ya baridi yaliyokwisha kushushwa, ambayo lazima yabaki kwenye umeme na kusomwa kipimajoto (samaki na nyama ya kugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 juu ya sifuri), dawa, damu na vifaa vya hospitali, klorini ya kusafisha maji ya kunywa, mafuta ya jenereta za hospitali, chakula cha msaada kwa wakimbizi, zimamoto na ulinzi wa shehena ya hatari, rubani wa bandari na tagi (boti za kukokota meli) za kuitoa meli inayowaka au inayovuja. Maji ya bamvu hapa hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo meli iliyofungwa gatini haiachwi bila watu wa kamba. Kazi hiyo ni ya mabaharia wake, lakini njia yao ya kutoka na kuingia isizibwe.

Kwa kila kazi andikeni idadi ya watu. "Wahudumu wa makontena ya baridi" haitoshi. Andikeni watu 4 kwa zamu, kwa mfano, na saa za kuingia na kutoka. Kisha kila mmoja apewe kibali cha lango chenye jina, namba ya kazi, kazi moja atakayofanya, tarehe, zamu, sahihi ya katibu wa kamati na mhuri. Kibali kife zamu inapokwisha. Nakala moja ibaki langoni, moja iende kwa mwajiri.

Ujanja wa kawaida ni wa kontena moja la dawa kutumika kufungua meli nzima: kreni ikishawashwa, "tumalizie na haya mengine". Ndiyo maana kibali kitaje namba ya kontena. Ujanja wa upande wetu nao upo, nao ni kumpa kibali rafiki anayetaka mshahara wa siku. Ukigunduliwa mara moja, vibali vyote hupoteza heshima langoni.

Na mshahara wa wenye vibali? Watalipwa na mwajiri kwa saa walizofanya. Vyama vingi huwaomba waweke sehemu yake kwenye mfuko wa mgomo, lakini iwe ombi, isiwe makato.

Mimi ni dereva wa lori, mwajiri wangu si wa bandarini. Nigeuze?

Ukikataa kuingia ili kuwaunga mkono tu, huna kinga: mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wa mwajiri mwingine umekatazwa na kifungu cha 78 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi. Ukiona hatari ya kweli, mawe yanarushwa au polisi wanafyatua gesi, hiyo ni habari tofauti. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinakutaka umwarifu msimamizi wako kuhusu hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale hadi hatari iondolewe.

Egesha mbali kidogo na lango, upande wa Changamwe kama unaweza, piga picha foleni na saa ionekane, mtumie bosi ujumbe wa maandishi unaosema umeona nini na uko wapi, na umwombe agizo la maandishi. Lori likikaa siku 2, vita vya nani alipe gharama ya kontena kuchelewa vitaanza, na aliye na maandishi ndiye atakayetoka salama.

Kibarua wa kutwa anaweza kugoma?

Anaweza, lakini yeye ndiye wa kwanza kuachwa nje. Hesabu siku zako kabla: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa wa masharti ya mwezi. Weka karatasi za malipo, ujumbe wa M-Pesa na namba za zamu. Bila hizo, siku ya kesi wewe ni mtu aliyekuwa akipita tu.

Meli imebeba silaha na dhamiri inakataa. Je?

Hili si la kubuni. Septemba 2008 maharamia waliiteka MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Iliachiliwa Februari 2009, ikaja kupakuliwa hapahapa. Mwaka uleule wa 2008, mwezi Aprili, wafanyakazi wa bandari ya Durban chini ya chama cha SATAWU walikataa kupakua silaha zilizokuwa zikienda Zimbabwe kutoka meli ya Kichina An Yue Jiang. Meli iliondoka bila kupakuliwa, baada ya mahakama pia kuzuia shehena isipite Afrika Kusini.

Kwa sheria yetu, kukataa kwa pamoja kwa sababu ya dhamiri si mzozo wa kazi, kwa hiyo hakuna kinga. Njia mbili zimebaki. Ya kwanza ni ya mahakama: kupinga kibali cha kusafirisha shehena, jambo ambalo watetezi wa haki waliweza kule Durban. Ya pili ni ya usalama. Baruti na risasi ni daraja la 1 la shehena ya hatari katika kanuni za kimataifa za baharini. Kabla hujagusa, dai tamko la shehena ya hatari lenye namba ya Umoja wa Mataifa, daraja, uzito wa baruti yenyewe, na mpango wa kuitenga na shehena nyingine. Karatasi ikikosekana, kazi isimame hadi ije. Hiyo si hila, ni kanuni.

Baharia anaweza kukataa kusafiri kwenye eneo la vita?

Mkataba wake ukiwa chini ya makubaliano ya kimataifa ya IBF, jukwaa la majadiliano la vyama vya mabaharia na waajiri wa meli, ndiyo. Eneo likiwekwa kwenye orodha ya maeneo ya vita, kama zilivyowekwa sehemu za kusini mwa Bahari ya Shamu baada ya mashambulizi ya mwishoni mwa 2023, baharia ana haki ya kukataa, kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni na kulipwa fidia ya mshahara wa msingi wa miezi 2. Akikubali kwenda, hulipwa nyongeza sawa na mshahara wa msingi kwa siku za eneo hilo, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Akatae kwa maandishi, meli ikiwa bandarini. Ikishang'oa nanga, sheria ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake ndiyo inayotawala, na nahodha ana nguvu nyingi huko.

Wazee wa Mombasa waligoma wakati wa vita?

Waligoma, na ukifuata tarehe utaona mishahara ya mji huu ilivyosukumwa. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 1939 wafanyakazi wa mji na makuli wa gati waligoma, wiki chache kabla ya Uingereza kuingia vitani Septemba 3. Waliorudi kazini, baadhi yao walirudi na posho ya nyumba, na serikali ikaunda tume ya Willan kuchunguza hali ya kazi Mombasa.

Mwaka 1942 Wajapani waliposhambulia Colombo, kikosi cha mashariki cha jeshi la majini la Uingereza kilihamia Kilindini. Meli zikajaa, vyumba vikakosekana, bei zikaruka. Mwaka huohuo kanuni za ulinzi ziliruhusu Waafrika kulazimishwa kufanya kazi kwenye shughuli zilizoitwa muhimu, mkonge wa walowezi ukiwemo. Angalia neno "muhimu" lilivyonyooshwa. Hata hivyo wafanyakazi wa reli hapa Mombasa waligoma Oktoba 1942. Kamati ya Phillips, iliyochunguza fujo za kazi Mombasa, ilipoandika ripoti yake 1945, chanzo cha fujo kilikuwa kilekile: mshahara wa kijana mseja uliotakiwa kulisha nyumba nzima.

Vita vilipokwisha bei hazikushuka, na Januari 13, 1947 ukaja mgomo mkuu. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa karibu siku 12, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wa shirikisho lao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti na kupelekwa kuishi Baringo. Walioona kwamba hali ya hatari ya 1952 ingewanyamazisha makuli walikosea: Machi 1955 gati liligoma tena, Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kujadiliana, na uamuzi ukatoa nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara. Hiyo ni nyongeza iliyopatikana ndani ya hali ya hatari, kwa mgomo uliokubali kusimama ili mahakama ya usuluhishi isikilize.

Nchi nyingine hufanyaje?

Uingereza ilipiga marufuku migomo kwa Amri 1305 ya 1940. Januari 1942 wachimba makaa wa Betteshanger, Kent, waligoma. Watu takriban 1,000 wakatozwa faini na viongozi 3 wakafungwa. Mkataba wa kumaliza mgomo ulibidi utiwe sahihi gerezani, viongozi wakaachiliwa baada ya siku 11, na waliolipa faini walikuwa wachache mno. Amri inafanya kazi dhidi ya watu kumi. Dhidi ya elfu haifanyi, maana nchi inahitaji makaa, na askari hawachimbi makaa.

Marekani, 1943, Rais Roosevelt alitwaa migodi Mei 1 wakati wachimba makaa wa chama cha John L. Lewis walipogoma. Juni 25 bunge likapitisha sheria ya kudhibiti migomo ya vita licha ya kura yake ya turufu. Ukraine imekataza migomo chini ya sheria ya kijeshi tangu Februari 24, 2022, na sheria ya Machi mwaka huo ikaruhusu wiki ya kazi ya hadi saa 60. Israeli, Septemba 2, 2024, shirikisho la wafanyakazi la Histadrut liligoma kudai makubaliano ya kuwarudisha mateka. Mahakama ya kazi ikauona mgomo kuwa wa kisiasa na kuamuru usimame saa nane na nusu mchana wa siku ileile.

Kugoma dhidi ya jeshi linaloikalia nchi hakumo kwenye mizani hii kabisa. Amsterdam iligoma Februari 25, 1941 kupinga kukamatwa kwa Wayahudi; Oslo, Septemba 10 mwaka huo, Wajerumani waliwapiga risasi wanachama wa vyama vya wafanyakazi Viggo Hansteen na Rolf Wickstrøm baada ya mgomo wa maziwa, wa wafanyakazi waliokatiwa mgao wa maziwa. Kule hakuna siku 7 za ilani.

Nitalipwa nikigoma? Nikifukuzwa je?

Mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukufanya kazi, hata mgomo ukiwa na kinga. Kwa mfano, mtu wa shilingi 1,500 kwa zamu, zamu 6 kwa wiki, atapoteza 18,000 kwa wiki 2; mfuko wa mgomo ukimpa 500 kwa kila zamu aliyokosa, bado pengo ni 12,000. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kupiga kura, na mzungumze na wenye nyumba mapema.

Mgomo wenye kinga haukufukuzishi. Usio na kinga unahesabiwa kuvunja mkataba, lakini hata hapo kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri akusikilize, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, kabla ya kukuachisha. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu 200 haijamsikiliza mtu. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3, na fidia haizidi mshahara wa miezi 12.

Nilipita lango, mgomo umekwisha, wenzangu hawanisemeshi.

Kama ulikuwa na kibali, mwombe katibu wa kamati asome orodha ya vibali kwenye mkutano wa kwanza wa tawi. Hilo humaliza maneno mengi. Kama hukuwa nacho, usiende kujitetea kwenye kundi la WhatsApp. Nenda kwa msimamizi wa zamu yenu ana kwa ana, sema ulichofanya na kwa nini, na kama siku zile ulilipwa, mpelekee mweka hazina wa mfuko kiasi utakachoweza, uchukue risiti. Mkataba wa kurudi kazini uwe na kipengele cha kutolipizana kisasi kwa pande zote mbili: mwajiri asiwaadhibu waliogoma, na chama kisiwaandame waliopita. Kipengele hicho kikisahaulika, gengi moja litakataa kushuka kwenye ngama (tumbo la meli) pamoja na aliyepita lango, na winchi itasimama tena bila ilani.